Tuupime Mchanga Kabla ya Kujenga Gati

Jiwe la msingi la bandari ya Bagamoyo liliwekwa Mbegani mwezi Oktoba 2015. Mwaka 2019 mradi ukasimama, na mwaka 2021 Serikali ikatangaza nia ya kuufufua. Yamesemwa mengi juu ya masharti ya mkataba, na ilikuwa haki yasemwe. Leo tunapenda kuzungumzia jambo lisilosikika sana majukwaani: mchanga ulio chini ya maji, ambao ndio utakaobeba gati lolote tutakalojenga katika mwambao huu na visiwa vyake.

Atazamaye kwa mbali hudhani kwamba mchanga wa pwani yetu ni mmoja. Sivyo. Ule unaoletwa na mito ya Ruvu na Wami ni punje za mawe magumu ya bara. Mchanga mweupe wa Mbudya, Unguja na Mafia ni mabaki ya matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Kuupambanua si kazi: utilie siki, nao utatoa povu, wa mtoni hautoi.

Punje za matumbawe zina matundu ndani yake kama mfupa. Zikipimwa kwa mzigo mdogo huonekana imara, na hapo ndipo hudanganya. Mzigo mkubwa ukizishukia huvunjika, mchanga ukajibana na kudidimia. Nguzo ikipigiliwa humo, punje zinazoizunguka husagika na kuacha kuishika. Nguzo hushuka upesi, na fundi asiyejua hufurahi kwamba kazi ni nyepesi.

Australia iliyaona hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguzo za jukwaa la gesi la North Rankin, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, zilizama kwa urahisi uliowashangaza wahandisi. Marekebisho yalikula mamilioni mengi ya dola. Tangu hapo imefahamika kwamba katika mchanga wa namna hiyo ni heri kuchimba shimo na kumimina saruji kuizunguka nguzo kuliko kuipigilia tu.

Wapo watakaosema kwamba wazee wa Kaole walijenga misikiti kwa matumbawe, na magofu yake yangalipo. Ni kweli, lakini jiwe lililoshikwa kwa chokaa si mchanga uliolegea, wala ukuta wa msikiti haubebi winchi na makontena.

Kwa hiyo tunawaomba watendaji wa Serikali zetu zote mbili mambo matatu. Ramani iliyobuniwa kwa mchanga wa mto isihamishiwe kwenye mchanga wa matumbawe. Udongo upimwe mahali penyewe, na nguzo za majaribio zitwishwe mzigo kabla mkandarasi hajalipwa. Na taarifa za vipimo zibaki mikononi mwa Serikali, ili kizazi kijacho kisianze upya.

Ndugu zetu wa visiwani wanaijua thamani ya gati: ndilo mlango wa mgonjwa, wa unga na wa samaki. Likizama, kisiwa kimefungwa. Kupima kunachukua miezi na fedha, lakini kujenga mara mbili kunachukua zaidi. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tuyafike kwanza, ndipo tutie saini.