Mashine Nayo Hubahatisha

Mwandishi mmoja anatwambia kwamba, kwa kuwa mashine ya MALDI-TOF hutambua bakteria kwa dakika chache, mtaalamu wa maabara na hadubini yake sasa ni mapambo.

Tuanze na hizo dakika. Zinahesabiwa tangu bakteria wapakwe kwenye bamba la mashine. Nani aliwaotesha saa 18 hadi 24? Nani alichagua koloni safi, akaacha uchafu wa ngozi? Mapambo, bila shaka.

Eti kila kipimo ni senti tu. Sawa; hata basi ni nauli tu, kwa asiyelinunua.

Kichekesho chenyewe ni dai kwamba mashine haikosei. Mashine haimjui bakteria yeyote. Hulinganisha mchoro wa protini zake na michoro iliyomo kwenye hifadhidata. Ikikosa mchoro wake, huweza kumbandika jina la jirani. E. coli na Shigella hufanana mno hivi kwamba kipimo cha kawaida huwachanganya, ilhali Shigella huleta kuhara damu. Streptococcus pneumoniae naye hudhaniwa ni binamu zake wapole wa kinywani. Anayesuluhisha ni nani? Kisahani cha karatasi chenye kemikali ya optokini, kilichowekwa kwenye agari ya damu. Kesho yake mtu huchukua rula: duara tupu la kukizunguka likifika upana wa milimita 14, ndiye pneumoniae.

Nunueni mashine, ni nzuri. Ila mwenye macho msimfukuze, maana mashine mliyoiachia kazi haina hata moja.