Chuo Kikuu na Kinu cha Sukari Nguru

Elimu hupimwa kwa shida inayoiondoa, wala haipimwi kwa vyeti inavyovitoa. Chuo kikuu kinachofundisha uhandisi, huku fundi wa jirani akipoteza mali kwa kukosa hesabu ndogo ya moto, kimefanana na kisima kilichofunikwa wakati wa kiu. Neno hili ni kali, nami nimelichagua kwa makusudi. Nadai kwamba vyuo vikuu vyetu vina wajibu wa kushirikiana na biashara ndogo katika kutatua matatizo yao ya ufundi, na kwamba wajibu huo si hisani bali ni deni.

Twaa mfano wa Butali, mji mdogo wa Kaunti ya Kakamega, katika nchi ya Wakabras, kando ya barabara iendayo Webuye. Hiyo ni nchi ya miwa. Kiwanda kikubwa cha sukari kipo, nacho kina wahandisi wake na maabara yake. Walakini miwa ya upande huu haiendi yote kiwandani. Mingine hukamuliwa katika vinu vidogo vya sukari nguru, ambavyo aghalabu ni mali ya mtu mmoja au jamaa moja, na waganga wa mitambo yake ni mafundi wa jua kali. Hawa hawana mhandisi. Chuma kikikatika huchomelewa. Tanuri likishindwa kuchemsha huongezwa kuni.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Muwa hupitishwa kati ya rola tatu za chuma, utomvu wake ukakamuliwa, kisha ukachemshwa katika makarai yaliyo wazi mpaka ukaribie kuganda. Katika kila kilo 100 za utomvu huo, kilo 80 hivi ni maji matupu yanayopasa kufukuzwa kwa moto. Basi kazi ya sukari nguru ni kazi ya moto kuliko kitu kingine chochote. Makapi ya miwa ni kuni nzuri yakiwa makavu, na tanuri likijengwa kwa hesabu: wavu chini wa kupitisha hewa, dohani yenye urefu wa kutosha, na makarai yaliyopangwa mfululizo, ili joto lililopita chini ya karai la kwanza lipashe la pili na la tatu kabla halijatoka nje. Pasipo hesabu hiyo joto hupaa bure angani, na mwenye kinu hununua kuni za miti. Kila mti uliokatwa kwa ajili hiyo ni upungufu katika kaunti yenye Msitu wa Kakamega, msitu wa mvua ambao Kenya haina mwingine mfano wake. Kwa hiyo tanuri baya halimwibii mwenyewe peke yake. Huwaibia na wasiozaliwa bado.

Rola nazo zina fumbo lao. Zikikazwa mno huvunja meno ya giya. Zikilegezwa huacha utamu katika makapi. Kipimo kilicho kati ya hasara hizo mbili ni hesabu ya nguvu na vyuma, ambayo mwanafunzi wa uhandisi huijibu katika mtihani. Jibu liko chuoni, hasara iko kinuni.

Chuo chenyewe hakiko mbali. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia kimejengwa Kakamega, kando ya barabara hiyo hiyo. Kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, lakini mzizi wake ni chuo cha harambee cha miaka ya 1970, kilichojengwa kwa michango ya watu wa Magharibi. Sisemi kwamba chuo hiki kimelala, wala sikitaji ili kukishutumu. Nasema kwamba mahali ambapo mkulima alichangia msingi wa chuo, mjukuu wa mkulima huyo haombi sadaka anapobisha mlango kuuliza habari ya tanuri lake. Anadai haki.

Wako wasemao kwamba chuo kikuu kiliumbwa kwa mambo makuu, na tanuri la makapi ni jambo dogo. Hao na wakumbuke gari la Nyayo. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari. Mwaka 1990 magari yalionyeshwa hadharani, nayo yalikwenda. Akili haikukosekana. Lakini hayakufika sokoni, kwa sababu fedha ya kuyaunda kwa wingi haikupatikana. Sasa tazama Kumasi, nchini Ghana. Mwaka 1972 chuo kikuu cha huko kilifungua kituo cha ushauri wa ufundi, na mwaka 1980 kituo hicho kilifungua karakana katikati ya mafundi wa Suame, mtaa mashuhuri wa watengeneza magari. Chuo kilikwenda kwa fundi. Hakikungoja fundi aje na barua. Jambo kuu ni lipi? Ni lile linalobaki mikononi mwa watu baada ya sherehe kwisha.

Wengine husema fundi mdogo hahitaji elimu, ahitaji mkopo tu. Mkopo ni kitu chema. Lakini mkopo bila maarifa hujenga tanuri la pili lenye kasoro za la kwanza, na deni likawa mara mbili. Na mafundi nao wana kosa lao, wanaposema kwamba watu wa vitabu hawajui kushika nyundo. Ikiwa hawajui, na wafundishwe; mwalimu wao atakuwa nani isipokuwa fundi?

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 huita biashara yenye watu chini ya 10 biashara ndogo sana. Biashara ya namna hiyo haiwezi kumwajiri mhandisi mwaka mzima, bali yaweza kumkaribisha mwanafunzi na mhadhiri wake kwa miezi mitatu. Kila mwanafunzi wa uhandisi hupasiwa kufanya mradi kabla ya kuhitimu: na apewe tatizo la kinu cha kweli. Mhadhiri na apandishwe cheo kwa tanuri lililotengenea kama apandishwavyo kwa makala. Mwenye kinu naye na aandike kila siku kiasi cha kuni na kiasi cha sukari, kwani pasipo daftari hapana hesabu. Tena mapatano yaandikwe mapema, ili uvumbuzi utakaopatikana usizae ugomvi.

Wewe usomaye insha hii huenda kesho ukawa mhandisi, au ukarithi kinu. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ukiwa mhandisi, usingoje kuitwa. Nenda kinuni ukapime moto. Ukiwa mwenye kinu, usione haya. Peleka daftari lako chuoni ukaulize. Atakayetangulia kwenda kwa mwenziwe ndiye aliyeelimika zaidi.