Makosa ya dereva? Muulizeni aliyechora njia!

Haya, leo naweka kompyuta kando niongee kuhusu michezo ya barafu. Ndiyo, barafu, nami niko hapa Nakuru! Tulieni, mtaona ninakoelekea.

Bobsledi ni kigari kisicho na injini wala magurudumu. Kinateleza kwa vyuma vinne ndani ya mfereji wa barafu wenye kona nyingi, na kinaweza kupita kilomita 130 kwa saa. Anayekiongoza huvuta kamba mbili kugeuza vyuma vya mbele. Breki ipo, lakini huvutwa baada ya kuvuka mstari wa mwisho, kwa sababu meno yake yanachimba barafu. Kwa hiyo huko katikati usalama unamtegemea sana aliyechora njia: kona zimeinamishwa vipi, kuta zina kimo gani.

Tarehe 12 Februari 2010, huko Whistler, Kanada, Nodar Kumaritashvili wa Georgia, kijana wa miaka 21, alikuwa katika mazoezi ya luji, sleji ndogo inayotumia njia hiyo hiyo. Kwenye kona ya mwisho alirushwa nje, akagonga nguzo ya chuma, akafa. Shirikisho la luji likasema alichelewa kutoka kona ya 15 na kwamba njia haikuwa na kasoro. Lakini papo hapo ukuta ukainuliwa, na wanaume wakaanzishwa chini zaidi ili kasi ipungue. Kama njia haikuwa na kasoro, ukuta uliinuliwa wa nini? Njia ya Sochi ya 2014 ilijengwa na sehemu 3 za kupanda, ili kasi ijipunguze yenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Mnaujua mteremko wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa. Dereva akitoa gia ili aokoe dizeli, lori lake lenye mzigo ni bobsledi ya tani nyingi. Breki zikichemka, hana breki. Tarehe 31 Desemba 2017 basi liligongana na lori pale Migaa, watu 36 wakafa. Hatua ya haraka ya NTSA ilikuwa kupiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Baadaye ndipo njia za kupanda na kushuka zikatenganishwa. Tarehe 30 Juni 2023, Londiani, lori likaacha barabara na kuwavamia wachuuzi na abiria kando yake. Walikufa watu wasiopungua 52.

Na kila mara wimbo ni ule ule: makosa ya dereva.

Siwatetei madereva wazembe, washtakiwe. Lakini kazi yangu ni kuandika programu, na wimbo huo naujua. Karani wa mteja wangu aliwahi kubonyeza kitufe kimoja akafuta hesabu za mwezi mzima. Nikasema ni kosa lake. Mzee mmoja pale ofisini akaniuliza, "Na wewe, kijana, kitufe hicho ulikiweka karibu na cha kuhifadhi kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Binadamu atakosea, kesho na kesho kutwa. Anayechora njia ya mteremko bila kulihesabu kosa hilo amekosea kabla ya dereva kuwasha lori. Tunataka vizuizi imara, masoko mbali na lami, na njia za dharura zenye kokoto nyingi ambapo lori lisilo na breki linazama na kusimama. Wachezaji wa barafu wamejengewa kuta. Mama muuza viazi naye ajengewe.