Sokwe hapigwi picha ya kukumbatiana!

Wiki hii naongea na wale vijana wa mjini ambao kila nikiwaambia nimetoka Mahale wana swali moja tu: "Ulipiga naye picha?" Naye maana yake sokwe. Jibu ni kwamba nilimpiga yeye, siyo mimi na yeye, na tofauti hiyo siyo ndogo kama mnavyodhani.

Kwanza muelewe, msituni siyo Serengeti. Kule simba anajilaza peupe, gari linasimama, unabofya weee mpaka kidole kinachoka. Mahale hakuna barabara. Unatembea kwa miguu, unapanda mlima huku Ziwa Tanganyika limebaki chini, jasho linakudondokea mpaka kwenye lenzi. Ukimpata jamaa, kakaa chini ya miti ambako saa nne asubuhi ni kama saa kumi na mbili jioni, halafu mwenyewe mweusi tii! Na flashi ni marufuku.

Kamera nayo ina ushamba wake. Ikiona weusi umejaa kwenye picha inadhani giza limezidi, basi inaongeza mwanga, sokwe anatoka wa kijivu kama kamwagiwa majivu. Dawa yake ni kupunguza mwanga kidogo kwa makusudi. Fungua lenzi mpaka mwisho, pandisha ISO mpaka 1600 au hata 3200, uvumilie chengachenga. Bora chenga kuliko picha iliyotikisika. Lenga jicho, jicho likitoka safi, mkono hata ukiwa na ukungu hakuna atakayekudai.

Sasa najua kuna mjanja atasema, si usogee tu? Hapo ndipo penye kazi. Sheria ni mita 10, barakoa usoni, na saa moja tu ukiwa nao. Wengi wanadhani ni kwa sababu sokwe atakutandika. Anaweza, tena vizuri tu. Lakini anayelindwa zaidi ni yeye. Mafua yako wewe, yale ya chai ya tangawizi na kulala mapema, kwake ni msiba. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliingia kwenye kundi la M, hilo hilo ambalo wageni hupelekwa kuliona, na sokwe kadhaa wakafa. Wataalamu walipopima wakakuta virusi vyenye undugu na vya binadamu. Na sokwe jike huzaa kama mara moja kila miaka 5 au 6, kwa hiyo pengo la namna hiyo halizibwi leo wala kesho.

Najua mmeziona zile picha za zamani za Gombe alizopiga Hugo van Lawick miaka ya 1960, hasa ile ya mtoto wa sokwe aitwaye Flint akimnyooshea mkono Jane Goodall. Picha tamu, sibishi. Lakini enzi hizo sokwe walikuwa wanavutwa kwa ndizi. Hata Mahale, Wajapani walioanza utafiti mwaka 1965 waliwazoesha kwa miwa, mpaka mchezo huo ukaachwa mwaka 1987. Siku hizi humpi kitu. Unamfuata anakokwenda, akikupa mgongo unapiga mgongo.

Kwa hiyo mshikaji, ukienda, simu ya kujipiga iache mfukoni, ubebe lenzi ndefu, hata ya kuazima. Ukiamka na kikohozi baki kambini, hata kama umeshalipia. Inauma, najua.

Picha yangu ninayoipenda kuliko zote ni ya dume mzima katikati ya majani, nusu uso, jicho moja linang'aa. Nimeibandika ukutani ofisini. Dada mmoja wa hapa kaiangalia wee, kisha akaniuliza hayo majani ni dawa ya nini.