Nyutro Si Dawa



Gari letu la familia lilianza kula oili. Halikuvuja hata tone, ila kila tulipomaliza mteremko na kukanyaga mafuta, lilitoa moshi wa buluu. Dereva mmoja akatushauri tuteremke kwa nyutro. Moshi ukapungua, tukafurahi.

Siku moja, tukitoka Lamadi kwenda Bariadi, ng'ombe wakakatiza mteremkoni. Gia ya kulizuia gari haikuwepo. Breki zikabeba mzigo wote. Tulisimama hatua chache tu kutoka kwao, watoto wakilia nyuma.

Nyutro ilikuwa kama dawa ya kushusha homa kwa mgonjwa wa malaria: homa hushuka, ugonjwa hubaki. Ringi au sili za valvu zikichakaa, oili huingia kwenye silinda na kuungua. Anayetibu hapo ni fundi. Wala petroli haiokolewi: injini nyingi za kisasa hujikatia mafuta zikiteremka na gia, lakini kwenye nyutro huendelea kuyaunguza.

Basi, kabla ya safari tupime oili, injini ikiwa imepoa na gari likiwa mahali tambarare. Na tumwombe baba watoto kwa upole ateremke na gia. Mungu hutulinda, nasi tuwatunze aliotukabidhi.