Nondo wa Mvua Wahesabiwe Nairobi

Mvua ndefu zikianza mwezi Machi, taa za milangoni Kangemi, Uthiru na Karen huzingirwa na nondo usiku kucha. Asubuhi watu hufagia mabawa na kwenda zao, bila kuuliza ni nondo gani.

Wangeuliza. Huenda miongoni mwao yumo mdudu wa rangi ya kijivu na kahawia, mabawa yake yakikunjuliwa hayazidi sana sentimita 3, yale ya nyuma yakiwa meupe yenye mishipa inayoonekana wazi. Huyo ni Spodoptera exempta, mzazi wa viwavi jeshi wa Afrika, wale weusi wenye mistari ya manjano wanaofyeka nyasi, mtama na mahindi kwa makundi. Safari yake hufuata mvua. Vizazi vya kwanza hutokea Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya, Novemba na Desemba. Nondo wakishakomaa hupaa usiku, upepo ukawabeba mamia ya kilomita, na dhoruba inapokusanya pepo ndipo hutua pamoja. Kati ya Machi na Mei huwa wamesambaa Kenya, wakielekea Ethiopia.

Tangu 2017 ameingia nchini mwenzake, Spodoptera frugiperda, mwenye asili ya Amerika. Dume ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Kiwavi wake ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangwa kwa umbo la mraba karibu na mkia. Huyu hana msimu: palipo na mahindi huzaana mwaka mzima, akijificha ndani ya moyo wa mmea ambako dawa hufika kwa shida.

Wakulima huwaita wote viwavi jeshi, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Wa kwanza hutabirika mapema, wa pili hutaka shamba likaguliwe kila mara.

Utabiri huo si ndoto. Muguga, mbele kidogo ya Kikuyu, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki ambacho wanasayansi wake walikusanya hesabu za mitego ya taa kutoka sehemu nyingi za kanda hii na kuonya ni wapi viwavi wangetokea. Mji uliozungukwa na elimu hiyo, wenye makumbusho ya taifa Museum Hill na wanafunzi wa kilimo Kabete, hauna sababu ya kukaa gizani. Kaunti iweke mitego ya taa na ya harufu ya jike kuanzia Kabete hadi Karen, na hesabu zitangazwe redioni kila wiki ya mvua.

Wewe unayeona nondo wengi mlangoni, piga picha mabawa yakiwa wazi, andika tarehe, mahali na kama mvua ilinyesha usiku huo, kisha mpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako.