Usiifyeke bustani uliyoikuta Gurei

Gurei, magharibi mwa Juba, watu wanajenga. Wapo waliorejea kutoka kambi za Uganda na Kenya, wapo waliokimbia vita vilivyoanza Khartoum Aprili 2023, na wapo wafanyabiashara wa njia ya Nimule walioamua kuweka faida yao kwenye tofali na mabati. Jambo la kwanza wanalofanya wengi wao ni kufyeka. Kiwanja husafishwa mpaka kibaki udongo mtupu, na mijunju na mikwaju iliyokuwapo huishia kwenye magunia ya mkaa. Nyumba ikishakwisha, ndipo mwenyewe anapokumbuka kivuli na kuagiza miche ya maua na nyasi za mapambo kutoka Kampala.

Kwa maoni yangu, huku ni kutupa mali na kununua hasara.

Wafanyabiashara wanajua kwamba mali bila daftari huisha bila habari, basi na tufungue daftari. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo hupata mvua misimu miwili kwa mwaka. Juba iko mita 550 hivi. Mvua yetu, karibu milimita 950 kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Aprili na Oktoba, kisha ardhi hukauka na kupasuka. Mche uliozoea hali ya Kampala ukiletwa Gurei hustawi wakati wa mvua, na ifikapo Januari unakauka. Ukitaka uishi, itabidi uununulie maji ya boza, yale yale ambayo mama wa nyumba anayapima kwa jerikani ili yatoshe kupikia na kuogeshea watoto. Je, ni haki nyasi zinywe kabla ya mtoto?

Isitoshe, kivuli si pambo. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai hapa Juba. Watoto hao walirudishwa nyumbani. Nyumbani wapi? Kwenye nyumba ya mabati iliyo katikati ya uwanja usio na hata mti mmoja!

Miti ya kutufaa ipo na majina yake tunayajua. Mjunju, ambao tunda lake wasemaji wa Kiarabu wa Juba na Khartoum huliita lalob, huvumilia ukame kuliko karibu mti wowote wa nyumbani. Mkwaju, yaani ardeb, hutoa kivuli kizito na tunda linalouzwa sokoni. Mti wa lulu, ambao mafuta yake Waacholi huyaita moo yaa, huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo anayeukata leo amekata mti ambao pengine ulianza kukua kabla hajazaliwa. Kwa upande wa mboga tunao mlenda, ambao hapa tunauita kudra, tunayo bamia, na tunao mgagani. Hata muarobaini ulioenea mitaa yote ya Juba ni mgeni kutoka India, lakini huyu ni mgeni aliyekwisha kuonyesha faida yake.

Si kila mgeni ana heri. Gugumaji lililoziba Nile Nyeupe tangu miaka ya 1950 asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Waliokaa Kakuma wanaujua mti wa mathenge, na waliotoka Khartoum wanauita meskit. Uliletwa kwa nia njema ya kuzuia mchanga, nao Sudan uliingia mwaka 1917. Leo unameza malisho na mashamba, na miiba yake inaumiza watu na mifugo. Anayebeba mche asioujua kuvuka mpaka na akumbuke habari hizo.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kwamba uwanja mtupu hufukuza nyoka. Ni kweli kwamba majani marefu mlangoni ni hatari, basi zungushia nyumba ukanda uliofagiliwa, na matawi ya chini yakatwe. Lakini mti wenye shina safi haumfichi nyoka, na mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, si kivulini.

Wengine watauliza: kwa nini nipande wakati sijui kama nitakimbia tena? Swali hili ni zito, na baada ya Desemba 2013 na Julai 2016 hakuna mwenye haki ya kulicheka. Jibu langu ni kwamba mti wa asili ndio pekee usiokudai uwepo wako. Ukikimbia, nyasi za Kampala zitakufa ndani ya wiki chache, lakini mkwaju utakungoja. Na kama hutarudi wewe, atakayepita njia hiyo atapumzika chini yake.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Chimba mashimo Machi, ujaze samadi na majani yaliyooza, upande mvua za kwanza zinapotulia. Tandaza majani makavu kuzunguka shina ili unyevu usipotee, badala ya kuyachoma pamoja na mifuko ya plastiki. Wadudu wakivamia mboga, twanga mbegu za muarobaini, loweka usiku kucha, chuja, changanya na sabuni kidogo na unyunyize jioni, maana jua kali huiharibu nguvu ya dawa hiyo.

Kwenu wafanyabiashara: kaskazini mwa Uganda, si Kampala, ndiko hali ya hewa inakokaribiana na yetu. Huko Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku biashara ya mkaa Mei 2023, kwa sababu hata miti ya lulu ilikuwa ikiteketea. Miche ya lulu na mkwaju kutoka Gulu au Adjumani, ikiwa na kibali cha mimea, ingekuwa biashara ya heshima kuliko gunia la mkaa.

Nao wanaopima na kugawa viwanja waache mtindo wa kuingiza tingatinga na kusawazisha kila kitu. Waweke sharti kwamba mti mkubwa ulio pembeni mwa kiwanja hauguswi bila sababu ya ujenzi.

Lakini tusingoje sharti. Wewe uliyepata kiwanja wiki hii, kabla hujamkabidhi kibarua panga, zunguka naye kiwanja chote umwonyeshe miti ya kubaki. Aanze kufyeka baada ya hapo.